Betri Si ya Friji

Kutoka Kitale hadi Bungoma kuna imani iliyokita mizizi: stima ikipotea, au mahali ambapo nguzo hazijafika, dawa ya friji ni betri. Mwenye bucha pale Kiminini, mwenye kibanda cha soda Kamukuywa, na mwenye gari la safari linalopita barabara ya Webuye–Kitale kuelekea Turkana, wote hupewa ushauri ule ule: nunua paneli ya sola, inverta na betri, ikishindwa, ongeza betri ya pili. Ushauri huo ni mbovu. Betri inafaa kuwasha taa, kuchaji simu na kuendesha redio. Kuibebesha friji usiku kucha ni kununua hasara, na njia za kuiepuka zimekuwepo kwa takriban miaka mia moja.

Tupige hesabu. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Lakini betri ya namna hiyo ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema, hivyo kinachotumika kwa usalama ni wati-saa 600 hivi, na inverta nayo inakula sehemu yake. Friji ndogo ya kompresa huweza kumaliza kiasi hicho kwa siku moja, na mawingu ya msimu wa mvua Trans Nzoia hayangoji betri ijae. Hali ni mbaya zaidi kwa friji za njia tatu zinazofungwa kwenye magari ya safari, zile zinazokubali gesi, stima ya ukutani au betri. Zikiwekwa upande wa betri, huwasha kipasha joto kinachovuta ampea kumi au zaidi, na saa tano tu zinatosha kuifikisha betri hiyo nusu. Upande huo ulikusudiwa gari likiwa safarini, injini ikichaji, si likiwa limeegeshwa kambini.

Friji hiyo hiyo ikiwashwa kwa gesi, mambo hubadilika. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji isiyo na kompresa. Mwali huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji. Mvuke wa amonia hupoa na kuwa kimiminika, kisha huvukizwa tena penye haidrojeni, na katika kuvukizwa huko hunyonya joto la vyakula. Friji ndogo ya aina hii huteketeza gramu 300 hivi za gesi kwa siku, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 huenda karibu majuma matatu. Betri inabakia na kazi ya kuendesha saketi ya kuwashia na vali ya gesi, ambayo kwa kawaida haifiki ampea moja. Si sifuri, na mwenye gari lililoegeshwa siku nyingi bado anahitaji kapaneli ka kurudisha hicho kidogo.

Watakaopinga watasema kwamba hata sekta ya afya imezipa kisogo friji za gesi. Ni kweli, na kwa sababu nzuri: chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, mwali ni mgumu kudhibiti kwa usahihi huo, na chanjo kama ya homa ya ini aina ya B huharibika ikiganda. Ila tazama kilichochukua nafasi yake. Friji za chanjo za sola za kizazi kipya huendeshwa na paneli moja kwa moja, bila betri kubwa ya akiba, kwa sababu katika zile za awali betri ndiyo iliyokuwa ikiharibika kwanza. Kompresa hufanya kazi mchana, na akiba ya usiku ni barafu. Kilo 10 za barafu zikiyeyuka hunyonya karibu wati-saa 930 za joto, na barafu haizeeki hata igandishwe mara elfu. Hoja ya chanjo, basi, inaipinga betri kuliko inavyoipinga gesi.

Pingamizi la betri za lithiamu lina uzito zaidi, maana hizo huvumilia kushushwa sana na hudumu miaka mingi. Anayezimudu na anayehitaji umeme mwingi wa kazi nyingine azinunue. Lakini kuzinunua ili kupoza soda tu ni kulipia ghali kazi ambayo maji yaliyogandishwa mchana huifanya. Gesi nayo ina masharti yake: friji isimame sawasawa, moshi utoke nje kwani monoksidi ya kaboni huua, na mwali ukaguliwe na fundi, kwa kuwa Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya bahari, ambako hewa nyepesi hudhoofisha mwako. Hayo ni masharti ya matunzo, na betri pia ina yake.

Basi aliye na jua agandishe mchana. Barafu hiyo itapoza hata maziwa ya jioni yanayongoja gari la asubuhi. Asiye na jua la kutosha atumie mwali. Vyama vya ushirika vinavyowakopesha wanachama vifaa vya sola viulize swali moja kabla ya kutia sahihi: baridi ya usiku itawekwa wapi? Muuzaji akijibu kwamba ni kwenye betri, mkopo huo usubiri.