Andiko la Mradi Lianzie Dirishani kwa Mgonjwa

Kila mwaka, ifikapo Machi na Aprili, vijana wa nchi nyingi huandika maombi ya kujiunga na Google Summer of Code, mpango ulioanzishwa na kampuni ya Google mwaka 2005. Anayekubaliwa hushiriki kuandika programu huria, yaani programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuitumia na kuirekebisha. Huongozwa na walezi wenye uzoefu, na hulipwa posho kadiri anavyotimiza hatua zilizokubaliwa. Tangu mwaka 2022 mpango huo hauwahusu wanafunzi peke yao. Hata asiye chuoni huweza kuomba, maadamu ametimiza umri wa miaka 18 na ni mgeni katika fani hiyo.

Jambo hili lina uzito hospitalini. Miongoni mwa jumuiya zinazopokea vijana hao imo OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kujengwa mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za UKIMWI za Eldoret, nchini Kenya. Jumuiya hiyo ilianza kushiriki katika mpango huo mwaka 2007. Mifumo ya KenyaEMR na UgandaEMR imejengwa juu ya msingi wake. Kwa hiyo, mstari anaouandika kijana mwezi Julai huweza kuja kumwongoza muuguzi anayetafuta jina la mgonjwa.

Aghalabu mwombaji hujaza andiko lake orodha ya lugha za kompyuta anazozijua. Andiko lenye nguvu huanza na tatizo. Mathalani, mama mmoja huandikishwa leo kwa jina la Mwanahamisi, na mwezi ujao kwa jina la Mwana Hamisi. Majalada yake yanakuwa mawili. Katika moja imeandikwa kwamba penisilini humdhuru. Tabibu anafungua la pili. Hatari hiyo inafahamika vyema kwa mtunza kumbukumbu wa zahanati kuliko kwa bingwa wa kompyuta asiyewahi kukaa penye dirisha la mapokezi.

Ni kweli kwamba ujuzi wa kuandika programu hauepukiki. Walezi hutaka kuona kazi kabla ya ahadi: mwombaji aliyeusimika mfumo katika kompyuta yake, akarekebisha kasoro ndogo, na akapokea masahihisho bila kinyongo. Aidha, hutaka mradi unaotimizika ndani ya muda uliopangwa. Anayeahidi kuponya maradhi yote ya mfumo kwa msimu mmoja hujinyima nafasi. Lakini ujuzi usiojua kazi ya wodini ni sindano isiyo na uzi.

Hapa pana sharti lisilo na msamaha. Kazi ya programu huria hufanyika hadharani. Jina la mgonjwa, namba ya jalada au picha ya kioo cha kompyuta ya hospitali visionekane kamwe katika andiko wala katika msimbo. Majaribio yafanywe kwa taarifa za kubuni. Siri ya mgonjwa haigeuki kuwa huria kwa sababu programu ni huria.

Vyuo vya tiba, basi, visiwaachie vijana wa kompyuta jukumu hili peke yao. Kabla ya Machi, wakutanishwe na wauguzi, wafamasia na watunza kumbukumbu, wasikilize kinachowachelewesha na kinachowatia hofu. Mgonjwa naye aulizwe, kwani ndiye anayesubiri foleni huku jalada lake likitafutwa. Waombaji wengi hawatachaguliwa, kwa kuwa nafasi ni chache. Hata hivyo, kasoro iliyokwisha kurekebishwa na kukubaliwa hubaki ndani ya mfumo, na mgonjwa hufaidika nayo bila kujali ni nani aliyepata posho.