Nikotini ijaribiwe kwa mnyoo, si kwa mtoto wa kambini

Mama akimuuliza kijana wake kile anachovuta, jibu huwa tayari: «Ni mvuke tu, mama, si tumbako.» Jibu hilo halitoshi, na mmoja wa waliosaidia kulionyesha ni mnyoo wa milimita 1.

Huyu si mnyoo wa tumbo. Anaitwa C. elegans, anaishi katika udongo na matunda yaliyooza, na hamdhuru mtu. Wataalamu wanampenda kwa sababu mwili wake unapitisha mwanga, maisha yake ni wiki 2 au 3 tu, na seli zake za neva ni 302, zote zikijulikana. Binadamu anazo karibu miliari 86 katika ubongo.

Mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwapa minyoo hao nikotini. Mwanzoni minyoo walikimbia kuliko kawaida. Walipokaa ndani yake kwa muda, walizoea, dawa ikawa haiwashtui tena kama mwanzo. Walipoondolewa, mwendo wao ulibadilika tena, kama mtu anayeteswa na kukosa sigara.

Wengine watasema kwamba mnyoo hana mapafu, basi hawezi kueleza maumivu ya kifua cha mtu. Ni kweli. Lakini mnyoo pia hana rafiki wa kumshawishi, haoni tangazo, hajui sura nzuri ya kifaa. Nikotini peke yake ilitosha kumbadilisha. Na nikotini hiyo hiyo imo katika maji ya sigara nyingi za umeme, ikifichwa na harufu ya embe au ya pipi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba sigara hizo zilianza kuuzwa China miaka ya 2000, zikaenea duniani kabla ya madhara yake ya muda mrefu kuchunguzwa. OMS imekwisha kuonya kwamba nikotini inaharibu ukuaji wa ubongo wa vijana, ubongo ambao unaendelea kujengwa hadi karibu miaka 25.

Kwa familia iliyokimbia vita, hatari ni kubwa zaidi. Mtoto asiye na masomo ana saa nyingi za bure, na mwenye kumpa «aonje kidogo» hakosi. Akishazoea, pesa ya unga ndiyo itakayolipa. Inafaa wazazi waongee na watoto wao mapema, bila fimbo, na viongozi wa kambi wakatae kifaa hicho kuuzwa kwa watoto kama wanavyokataa pombe.

Jaribio limekwisha fanyika kwa mnyoo, na matokeo yanajulikana. Hakuna sababu ya kulirudia kwa mtoto.