Pombe ya Ulezi Isiyo na Ladha Mbaya

Katika vijiji vilivyouzunguka mji wa Mbale, ulezi huanza kutayarishwa mapema kila mwaka wa jando uwadiapo. Imbalu, jando la Wagisu, hufanyika katika miaka ya shufwa, kama ilivyokuwa 2022 na 2024, na kijana atahiriwaye hupakwa mwilini rojo la ulezi. Pombe ya siku hiyo ikinuka ukungu, aibu haimpati mpishi peke yake, bali ukoo mzima.

Mpishi wa pombe nyepesi ana kazi ngumu kuliko wa pombe nzito. Unga uliokaangwa hadi ukawa mweusi huficha makosa mengi kwa uchungu wake. Uliokaangwa kidogo haufichi lolote. Wako wanaotia sukari ili kuifunika harufu mbaya, lakini sukari huichochea chachu tu, na harufu hubaki palepale.

Kasoro nyingi huanzia kwenye kimea. Ulezi uliorowekwa hufunikwa kwa majani ya migomba au magunia ili uchipue, na hapo ndipo penye hatari. Tabaka likiwa nene, joto hupanda katikati na ukungu huingia. Yafaa utandazwe mwembamba, ugeuzwe asubuhi na jioni, na mara mizizi ichomozapo uanikwe juani juu ya mkeka, si juu ya udongo mtupu. Kimea chenye madoa ya kijani au meusi kitupwe chote. Sumu ya ukungu haiondolewi kwa kuchemsha wala kwa kuchachusha, na huliumiza ini polepole, hata pombe yenyewe iwe tamu namna gani.

Mjini Jinja, karibu na kiwanda cha Nile Breweries kinachotengeneza bia tangu miaka ya 1950, mama anayepika malwa nyumbani aghalabu hutumia maji ya bomba. Klorini iliyomo ikikutana na unga ulioshika moshi huzaa ladha ya dawa ya hospitali, ambayo wanywaji huidhania kuwa ni ya mtungi mchafu. Maji hayo yachemshwe bila kifuniko, kisha yaachwe yapoe kabisa. Kimea kisitiwe katika maji ya moto sana, kwani nguvu yake ya kugeuza wanga kuwa sukari hufa.

Uchachu mwororo ni sifa ya malwa, nao hautokani na uharibifu. Ukali wa siki ni jambo jingine: huja hewa inapoingia kwa wingi baada ya povu kutulia. Mtungi ujazwe karibu na shingo na ufunikwe kwa kitambaa safi, pahali pa kivuli. Mchana wa joto, gunia lililoloweshwa huuzungushwa. Chachu iliyopata joto kupita kiasi hutoa harufu kali mfano wa rangi ya kupakia milango.

Debe lililowahi kubeba mafuta ya taa lisitumike kamwe, hata likioshwa mara kumi. Mirija nayo husahauliwa mno: masalia ya ulezi hukaukia ndani, na pombe njema huonekana imeharibika kwa mnywaji mmoja tu. Isukutuliwe kwa maji yanayochemka mara baada ya kunywa, kisha itundikwe wima hadi ikauke.