Matiti ya silikoni: hatari nyingine ni siri

Wadau, leo naomba tuongee kikubwa.

Rafiki yangu mmoja aliaga ofisini kwamba anakwenda likizo India. Siku 10 baadaye akatua Dar, begi lake akalibeba mwenyewe, maana hata ndugu waliompokea hawakujua kwamba kifuani ana mishono. Usiku wa tatu akanipigia simu saa nane: homa kali, titi la kushoto limevimba na la moto. Tukakimbia hospitali. Alipona, namshukuru Mungu. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akanijibu, "Mngenicheka."

Nikanyamaza. Ni kweli, tungemcheka.

Sipo hapa kuhubiri. Mwili ni wake na hela ni zake. Wapo pia wanaowekewa vipandikizi baada ya kukatwa titi kwa sababu ya saratani, na wao wananyamaza vilevile. Ninachosema mimi ni kwamba hii si shughuli ya kufanya kwa kificho.

Chukua maandalizi tu. Daktari anatakiwa ajue dawa zote unazotumia, hata aspirini na zile za miti shamba, kwa sababu nyingine huongeza kutoka damu. Kama unavuta sigara, utaambiwa uache wiki kadhaa kabla, la sivyo kidonda kitachelewa kupona. Siku yenyewe unapigwa nusu kaputi, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukurudisha na kukuangalia usiku ule. Mtu huyo atatoka wapi kama hakuna anayejua?

Kurudi nyumbani nako ni kazi. Unalala chali, unavaa sidiria maalumu, na kwa wiki kadhaa hakuna kubeba ndoo ya maji, hakuna kunyanyua mtoto, hakuna mazoezi mazito. Jaribu kumweleza mama mkwe hayo bila kumwambia ukweli!

Na haiishii hapo. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, inasema wazi kwamba vipandikizi si vya kudumu maisha yote; kadiri miaka inavyokwenda ndivyo uwezekano wa kurudi kwenye kisu unavyoongezeka. Kwa vile vya silikoni inashauri upige ultrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 au 3, kwani vinaweza kupasuka bila wewe kuhisi lolote.

Mwaka 2010 kampuni ya Ufaransa iitwayo PIP ilibainika kwamba ilijaza vipandikizi vyake silikoni ya viwandani, isiyoruhusiwa kwa tiba. Wanawake wa nchi nyingi wakaanza kujiuliza: hivi mimi niliwekewa cha nani? Kwa hiyo ile kadi yenye jina la kampuni na namba ya kipandikizi, itunze kama cheti cha kuzaliwa.

Dada, ukiamua kwenda, mwambie hata mtu mmoja unayemwamini. Na sisi tuliobaki, tupunguze midomo. Rafiki yangu alibeba begi lile kwa kuogopa vicheko vyetu.

Nawasilisha. Mnasemaje?