Nani Aliyelijenga Kanisa?

Fika katika misheni yoyote ya zamani karibu na Kisumu, kama Ojola au Yala, uulize nani aliyelijenga kanisa. Utajibiwa upesi: "Mapadre." Jibu hilo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli huweza kupotosha kuliko uwongo mtupu.

Historia ya mapadre twaijua. Wamisionari wa Mill Hill, shirika lililoanzishwa London mwaka 1866, walifika Uganda mwaka 1895. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1902 mpaka ulisogezwa, ufuo huu wa ziwa ukatolewa Uganda. Hata hivyo Wakatoliki wake walibaki chini ya askofu wa huko hadi mwaka 1925. Jimbo la Kisumu lilisimamishwa mwaka 1953.

Haya yote yameandikwa. Sasa litazame jengo lenyewe. Ramani yake na madirisha yake ya tao vilifuata desturi ya Ulaya. Mabati yalikuja kwa meli na gari la moshi. Je, tofali? Udongo hauji kwa meli. Ulichimbwa papa hapa, ukakandwa kwa miguu, ukafyatuliwa, ukachomwa kwa kuni zilizokatwa na mtu. Maji yalitekwa, yakachukuliwa vichwani. Sisemi kwamba mapadre walikaa kivulini. Lakini padre mmoja au wawili hawawezi kuinua kuta kama zile.

Wako wasemao, "Hiyo ni alama ya ukoloni, na ibomolewe." Wako wasemao, "Ni zawadi ya wageni, tushukuru tunyamaze." Wote wamekosa kosa lile lile: wamemsahau mwenye jasho. Yule abomoaye, abomoa kazi ya babu yake. Na huyu ashukuruye, amempa mmoja shukrani za wengi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Basi, kijana, usingoje mwingine aandike. Waliobeba maji yale wamekwisha kufariki, na watoto wao ni wazee sasa. Nenda kwao kabla hawajaondoka, uwaulize nani alikanda, nani alichoma, nani alilipwa na nani hakulipwa. Andika majina yao. Jiwe la msingi lina nafasi ya jina moja au mawili. Daftari lako lina nafasi ya kijiji kizima.