Namba Kubwa Kwenye Kisahani Si Umbali

Kibaraza hiki kilikuwa kimya wiki mbili tatu kwa sababu ya zamu za usiku, lakini tupo, tunadunda. Leo nataka tuongee jambo ambalo wengine mtasema "huyu naye ughaibuni kumemharibu": gofu ya visahani. Dada yangu mkubwa ameshaniuliza kwenye simu, "Hivi kweli, mtu mzima na digrii yako ya uuguzi, unakwenda porini kutupa sahani?" Ndiyo dada, nakwenda. Na leo nimekuja na hoja kabisa.

Hoja yenyewe ni hii. Wanaoanza mchezo huu huku Marekani, hasa sisi wabeba maboksi tuliokuja ukubwani, wananunua visahani kwa kuangalia namba ya kasi. Cha kuangalia kwanza ni utulivu wa kisahani hewani. Tena utulivu huo haukai kwenye jina peke yake. Jina moja linatoka kwa matoleo matatu manne, na kila toleo linaruka kivyake. Asiyelijua hilo anapoteza hela, na baya zaidi anaweza kuumiza bega. Na bega la muuguzi, ndugu zangu, ndilo linalolipa ada za watoto huko nyumbani.

Kwa ambao hamuujui mchezo: badala ya mpira na fimbo, unatupa kisahani cha plastiki mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Ed Headrick wa California, aliyebuni kikapu hicho, ndiye aliyeanzisha chama cha mchezo huu, PDGA, mwaka 1976, na chama hicho kinasimamia sheria mpaka leo. Hapa Minnesota ninakoishi viwanja viko kwenye bustani za umma, na vingi ni bure. Kwa mtu aliyetoka zamu ya saa 12 akiwa ameona ya kuona, kutembea kwenye miti saa moja na nusu bila kulipa senti ni dawa tosha. Na msidhani ni mchezo wa watoto. Mwaka 2021 Paul McBeth alisaini mkataba na kampuni ya Discraft wa dola milioni 10 kwa miaka 10. Kutupa sahani, jamani!

Visahani viko vya aina tatu kubwa: vya kumalizia karibu na kikapu, vya umbali wa kati, na vya kurushia mbali, ambavyo ndivyo draiva. Draiva ina ukingo mpana na mkali pembeni, ndiyo maana inakata hewa. Leo naongelea draiva tu.

Sasa utulivu ni nini? Chukua mtu wa mkono wa kulia anayetupa kwa nyuma ya mkono, kama anayevuta pazia. Ukikitazama kisahani kutoka juu, kinazunguka kama mshale wa saa. Kikiwa bado na kasi kubwa, hewa inataka kuinamisha pua yake. Lakini kwa kuwa kinazunguka kama pia, msukumo huo hauonekani pale ulipoingilia, unajitokeza robo mzunguko mbele. Matokeo yake kisahani kinalala upande wa kulia. Kasi ikipungua mambo yanageuka: hewa inataka kuinua pua, na kisahani kinalala kushoto mpaka kinagusa majani. Kila draiva ina tabia hizo mbili, tofauti ni kiasi gani cha kila moja. Wa mkono wa kushoto, geuzeni maelezo hayo.

Maneno ya Kiswahili ya mambo haya sijayasikia, kwa hiyo hapa kibarazani natumia yangu. Kisahani kisichotaka kugeuka kulia, kinachokimbilia kushoto mapema, nakiita KIKAIDI. Kinachogeuka kulia kwa urahisi nakiita KILEGEVU. Mwenye maneno mazuri zaidi alete, tutayapokea.

Kampuni ya Innova huandika namba nne kwenye visahani vyake: kasi, kuelea, kugeuka kulia, na kukata kushoto mwishoni. Destroyer ni 12, 5, -1, 3. Firebird ni 9, 3, 0, 4. Valkyrie ni 9, 4, -2, 2. Leopard ni 6, 5, -2, 1. Ile ya tatu ikizidi kushuka chini ya sifuri, kisahani kinazidi kuwa kilegevu. Ile ya nne ikipanda, kinazidi ukaidi mwishoni.

Hapo kwenye namba ya kwanza ndipo watu wanapopotea. Wanasoma 12 wanadhani kisahani hicho kitakwenda kwa kasi kuliko cha 6, yeyote anayekitupa. Sivyo! Namba hiyo inakuambia WEWE utupe kwa kasi kiasi gani ili namba nyingine tatu ziwe kweli. Sisi wauguzi hili tunalielewa haraka, kwa sababu ni sawa na dozi. Dozi ya mtu wa kilo 80 haimfai mtoto wa kilo 12, hata kama dawa ni nzuri na imeandikwa vizuri kwenye chupa. Mkono wa taratibu ukitupa Destroyer, ile -1 haionekani kamwe. Inayoonekana ni 3 tu. Kisahani kinatoka mkononi, kinakata kushoto, kinaanguka. Halafu mtu anasema, "Labda sijatumia nguvu za kutosha."

Na namba hizo huandikwa na watengenezaji wenyewe. PDGA inapima vitu vingine: kipenyo kisipungue sentimita 21, upana wa ukingo usizidi sentimita 2.6, uzito usizidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, na kadhalika. Namba za kuruka haimo. Kwa hiyo 9 ya kampuni hii si lazima iwe 9 ya kampuni ile. Maoni yangu ni kwamba ingefaa kuwe na kipimo kimoja kwa wote, kisahani kirushwe na mashine kwa kasi inayojulikana na matokeo yaandikwe. Dawa hatuziachii kila kiwanda kipime kwa rula yake.

Sasa matoleo. Tuchukue Valkyrie, kwa sababu inapatikana kwa plastiki nyingi. Ya DX ndiyo ya bei nafuu, dola 10 hivi, inashikika vizuri mkononi, lakini ikigonga miti mara kadhaa ukingo unachubuka. Ya Star ni karibu mara mbili ya bei hiyo, inadumu na bado inashikika. Ya Champion ni ngumu, mara nyingi unaona mwanga ukipita ndani yake, na inavumilia miti kuliko DX. Namba zilizoandikwa kwenye zote tatu ni zile zile nne.

Mwezi uliopita asubuhi moja isiyo na upepo nilizipeleka zote tatu kwenye uwanja wa mpira, zote za gramu 170 hivi. Champion ilikwenda karibu moja kwa moja kisha ikakata kushoto. Star iliingia kulia kidogo, ikanyooka, ikamalizia kushoto taratibu, ule mchoro wa herufi S ambao kila mtu anautafuta. DX yangu ya misimu miwili iligeuka kulia na haikurudi. Mkono ni ule ule, jina ni lile lile, lakini ni visahani vitatu tofauti. Nikimwambia mgeni "nunua Valkyrie" bila kumwambia ya plastiki gani na mpya au kuukuu, sijamwambia kitu.

Kwa nini inakuwa hivyo? Plastiki iliyoyeyushwa inaingizwa kwenye kalibu, kisha inapoa, na kila aina ya plastiki husinyaa kwa namna yake. Mwenye kupika vitumbua ananielewa: chuma ni kile kile, lakini unga ukibadilika, kimoja kinaumuka na kingine kinabaki bapa. Na kisahani nacho, mgongo wake ukiinuka au ukibaki bapa, kuruka kunabadilika. Kuna pia ule mshono unaozunguka ukingo, pale vipande viwili vya kalibu vinapokutana. Ukikaa juu zaidi, kisahani kinakuwa kikaidi zaidi. Ukikaa chini, kinakuwa kilegevu. Tofauti ya unene wa kucha inatosha. Ndiyo maana hata plastiki ya aina moja, mzigo wa mwaka huu unaweza usifanane na wa mwaka jana. Usinunue kwa jina tu. Kiweke mezani, kitazame kwa ubavu, pitisha kidole gumba kwenye mshono, ulinganishe na kile unachokipenda.

Nimeshaambiwa na wazee wa uwanjani kwamba nawatisha watu bure. Wanasema draiva kikaidi ya kasi kubwa ndiyo ya kuaminika, maana upepo hauichezei. Na wana ukweli wao. Upepo ukikujia usoni, kila kisahani kinafanya kama kimekuwa kilegevu zaidi, na hapo Firebird au Destroyer inakuokoa. Lakini wazee hao wametupa miaka 20, mkono wao una kasi inayotakiwa. Wananiambia pia kwamba rekodi ya mwaka 2016, mita 338 za David Wiggins Jr., ilitupwa kwa Boss, kisahani cha kasi 13. Ni kweli, ila ilikuwa Boss ya plastiki nyepesi, jangwani Nevada, na upepo ulisaidia. Nami nawakumbusha mwaka 2002. Christian Sandström wa Sweden alitupa mita 250, rekodi ya dunia wakati huo, kwa Valkyrie. Kasi 9! Kama kasi 9 iliwahi kufika mita 250, mimi na wewe wenye mita zetu 70 tunatafuta nini kwenye 13?

Sasa nivae sare yangu ya kazi. Bega linashikiliwa na misuli minne midogo inayokumbatia kichwa cha mfupa wa mkono. Misuli hiyo ndiyo tunayoitumia kugeuza wagonjwa kitandani, kuvuta mashuka, kusukuma machela. Mtu aliyefanya hayo usiku kucha, asubuhi akaenda kulazimisha draiva kikaidi kwa nguvu zake zote, tena bila kupasha mwili joto, anadai bega lake deni juu ya deni. Sisemi kisahani cha kasi kinaumiza kwa chenyewe. Nasema kinakushawishi utumie nguvu mahali panapotaka ufundi. Kilegevu cha kasi 6 au 7 kinafanya kinyume. Ukikitupa taratibu kinakwenda, ukikilazimisha kinapinduka kulia na kukuaibisha hapo hapo. Ni mwalimu mkali lakini wa haki.

Wenzetu wengi kutoka nyumbani huja uwanjani mara mbili, wananunua visahani vitatu vya dola 20 vyenye namba kubwa, vyote vinakatia kushoto kwenye ziwa, mkono unauma, wanaacha. Wanarudi kwenye mzunguko wa kazi, kitanda, kazi. Hilo ndilo linaloniuma. Maisha ya huku yana upweke wake, hasa majira ya baridi, na mchezo wa bure unaokutoa nje na kukukutanisha na watu si kitu cha kupoteza kwa sababu ya namba kwenye plastiki.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza: nunua Leopard ya DX kwanza. Ni rahisi kwa bei, ni legevu kiasi, na ikichubuka itakuwa legevu zaidi, utaona kwa macho yako namna utulivu unavyobadilika. Ukiweza kuitupa ikanyooka, ongeza Valkyrie ya Star. Mambo ya Destroyer yasubiri. Kama mkono wako ni mwepesi, chukua gramu 150 na kitu badala ya 175, maana kisahani chepesi kinageuka kwa urahisi zaidi.

Na mpwa wangu wa Tanga, uliyeandika kuomba nikuletee Desemba "vile vyenye 13", ujumbe nimeupata. Nitakuletea vya 6 na 7, usinune. Wewe unatupia ufukweni, na kaskazi ya Desemba ikikujia usoni hata kilegevu cha kawaida kitataka kwenda majini, kwa hiyo nitaongeza na kimoja kikaidi cha kasi ndogo cha kutupia kwenye upepo. Ukinitumia video ikionyesha kisahani kinachora ile S, hapo tutaongea kuhusu 9.

Ni hayo tu kwa leo wadau. Wanaocheza huku ughaibuni, niambieni: draiva gani mnaiamini, na ya plastiki ipi? Na nyie wa nyumbani msicheke sana, semeni neno la Kiswahili mnalodhani linafaa kwa kisahani kisichotaka kugeuka. Mpaka zamu nyingine, kaeni salama.