Tunahukumu Kelele, Hatusikilizi Maneno

Mwaka 2009 nilichoma CD za kijana wa watu. Ilikuwa semina ya vijana. Mhubiri mgeni alikuwa amefundisha siku mbili juu ya mashetani yaliyomo kwenye muziki, na jioni ya mwisho tukawasha moto nyuma ya kanisa. Kijana yule alikuwa na CD saba, zote za magitaa yanayonguruma, ule muziki uitwao hevi metali. Alinitazama mimi mchungaji wake aone kama nitasema neno. Nikamwambia, "Tupia." Sikuwa nimesikiliza hata moja. Hakurudi kwenye kwaya, na baada ya Pasaka hakurudi kanisani kabisa.

Wapendwa, moto ule bado unawashwa. Siku hizi tunaamuru nyimbo zifutwe kwenye simu, lakini ni moto uleule. Nasema wazi: aliyeikataa albamu asiyoisikiliza hajahukumu muziki. Amehukumu kelele, na tena amemshuhudia jirani yake uongo. Amri ya nane haina kifungu kinachowatoa wapiga gitaa.

Tazameni tunavyopendelea. Muziki wa kantri unaingia majumbani mwetu bila kubisha hodi. Jim Reeves na Don Williams wanapigwa harusini, wanapigwa kwenye mabasi, na wako Wakristo ambao kwao Krismasi haijafika mpaka Jim Reeves aimbe. Kwa nini? Kwa sababu unakwenda polepole na mwimbaji anabembeleza. Lakini kantri hiyohiyo imejaa ulevi, uzinzi na bunduki. Chukueni albamu ambayo Johnny Cash aliirekodi tarehe 13 Januari 1968 mbele ya wafungwa wa gereza la Folsom, California. Inafunguliwa na wimbo wa muuaji asimuliaye mwenyewe. Kuna mwingine wa mtu aliyetumia kokeini akamuua mwanamke wake. Na wimbo wa mwisho unahusu kanisa dogo la humo gerezani. Aliyeutunga ni mfungwa, Glen Sherley, ambaye siku ile alikuwa amekaa hapo mbele akisikiliza wimbo wake ukiimbwa. Mimi naiona albamu nzuri sana, na uzuri wake uko katika kukaa pamoja kwa nyimbo hizo. Ukiwaondoa wauaji, lile kanisa linabaki jengo tupu.

Sasa hevi metali. Bendi ya Black Sabbath ilitoka Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda. Jina walilitoa kwenye filamu ya kutisha, na sitawatetea kwa hilo. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine akiwa kijana kiwandani. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, na baadaye akalegeza nyuzi ili vidole visiumie, sauti ikashuka na kuwa nzito. Ile sauti ambayo mhubiri wetu alisema imetoka kuzimu ilitoka kwenye ajali ya kazini.

Albamu yao ya mwaka 1971, Master of Reality, inaanza kwa kusifia bangi. Wimbo huo ni mbaya, na kijana akiniuliza nitamwambia hivyo. Lakini wimbo wa pili, After Forever, ambao maneno yake yaliandikwa na Geezer Butler aliyelelewa katika familia ya Kikatoliki, unamhoji msikilizaji kuhusu kifo na unawakemea wanaomdhihaki Mungu ili wasichekwe na wenzao. Mimi nimehubiri juu ya jambo hilo nikiwa na lugha dhaifu kuliko yao. Basi albamu hiyo ni ya Mungu au ya shetani? Swali lenyewe ni la kivivu. Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime mambo yote na kushika lililo jema, na huwezi kupima gunia kwa kutazama rangi yake.

Habari za jumbe za siri zinazosikika wimbo ukichezwa kinyumenyume nazo tuziache. Huko Nevada bendi ya Judas Priest ilishtakiwa kwa jambo la namna hiyo, na mwaka 1990 jaji akaamua kuwa madai hayakuthibitishwa. Sisi bado tunayafundisha semina.

Jazi tunaikosea kwa njia nyingine. Mzee akisikia neno hilo anakumbuka Morogoro Jazz na kumbi za dansi, anafunga mlango. Nyuma ya mlango huo yupo John Coltrane, ambaye babu zake wote wawili walikuwa wahudumu wa Neno, aliyetekwa na heroini na pombe kisha akafunguliwa mwaka 1957. Desemba 1964 alirekodi A Love Supreme kama shukrani kwa Mungu. Katika sehemu ya nne anapuliza saksafoni akifuata maneno ya sala aliyoyaandika mwenyewe, silabi kwa silabi, bila kuyatamka. Simwiti mwinjilisti, imani yake ilikwenda njia pana kuliko ya Katekisimu. Ila ni vigumu kusikiliza dakika zile na kudai kwamba mtu yule hakuwa akisali.

Mtaniambia, "Mchungaji, nani ana muda wa kusikiliza takataka?" Asiye na muda aseme "sijui", anyamaze. Babu zetu waliambiwa ngoma ni ya kipagani na watu ambao hawakuuliza inapigwa kwa ajili gani. Ilibidi watu kama Howard Olson wa Makumira wakusanye tuni za Kiafrika ndipo Tumshangilie Mungu ikaingia mikononi mwetu, na leo tunaiimba kana kwamba hapakuwahi kuwa na ubishi.

Usharikani kwangu vijana huleta albamu Alhamisi jioni. Masharti ni kusikiliza mpaka mwisho na kujua maneno kabla ya kufungua mdomo. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kutukomesha, akakaa mpaka Coltrane alipomaliza. Juma lililofuata alikuja na kanda yake ya Jim Reeves. Tuliipima nayo, wimbo kwa wimbo, na aliondoka amenuna.